Kuni za bure Kisoro zipo, utabeba na nini?

Wale mnaoniuliza maisha ya Uganda yakoje mkidhani wote tuko Kampala tunakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, mimi niko Kisoro, kona ya mwisho kabisa, ukitoka hapa ni Bunagana unaingia Kongo au Cyanika unaingia Rwanda, na mlima Muhabura wenye mita zake 4,127 unatuangalia kutwa nzima. Mimi mtoto wa Muheza jamani. Kwetu moto ni wa kupikia, chakula kikiiva unachomoa kuni unazimwagia maji zikusaidie kesho. Huku ukizima moto saa mbili usiku mama mkwe anauliza kama mimi na mke wangu tumegombana, maana watu wanaota moto mpaka muda wa kulala, ndo mjue kuni zinavyokwenda.

Afu pori hamna. Milima yote imelimwa mpaka juu, viazi, maharage, mtama, na msitu uliobaki una wenyewe. Mgahinga ni hifadhi ya taifa tangu 1991, ndo kwenye gorila, hata Batwa, watu wa asili wa msituni waliokuwa wanaishi mle, walitolewa, sasa we mkwe kutoka Tanga uvuke ule ukuta wa mawe waliojenga kuzuia nyati ukiwa na panga mkononi, utawaambia nini askari? Echuya iko njia ya Kabale, ile ni hifadhi ya misitu na kwa hifadhi kama hizo sheria ya 2003 inaruhusu wananchi wa jirani wachukue kuni kavu na mianzi kwa matumizi ya nyumbani bila kulipa, kwa kiasi na kwa kufuata mpango wa msitu wenyewe, lakini sisi wa mjini si majirani wa Echuya, na kwa mwendo ule kuni utakazoleta zitapika chai tu ya kukupoza miguu.

Za bure ninazopata mimi ni za kwenye shughuli za watu. Mtu akikata mikaratusi yake auze nguzo, anabakiza matawi na maganda, ukimwomba vizuri anakwambia chukua, tena unamsaidia kusafisha shamba. Ila kisiki usiguse! Mkaratusi unachipua tena kwenye kisiki, ukija na shoka lako kuking'oa umemfilisi mwenzio. Zipo pia mbao za shata, zile za kushikilia zege, na mirunda ya saiti ghorofa likishamwagwa zege, hizo zina misumari na saruji kwa hiyo shoka lako litalia. Na kitu ambacho Muheza sikuwahi kukiona, vijiti vya maharage. Maharage ya huku yanapanda juu, kila shina lina mti wake mrefu wa kujizungusha, sasa mavuno yakiisha vile vilivyooza chini na kuvunjika havifai tena kuegeshea na vinawaka hatari, mke wangu anavipenda kwa kuwashia kuliko hata mafuta ya taa. Nguzo za umeme zilizoanguka ziacheni hukohuko hata kama mnapewa bure, zile zimepigwa dawa na moshi wake si wa kupikia mtoto uji.

Basi siku nimeonyeshwa rundo la matawi ya mkaratusi huko mlimani, zuri kweli, nimeshalikubali, kuna jamaa wa Kikongo amesimama pembeni ananiangalia ninavyofurahi, akasema, "Papa, kuni iko, sasa utabeba na nini?"

Yeye alikuwa na chukudu. Kwa ambao hamjaiona, ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali, magurudumu mawili ya mbao yamevalishwa kipande cha tairi, katikati ubao wa mzigo, mbele usukani kama pembe. Unapiga goti moja kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Breki yake ni kipande cha mpira nyuma unachokandamiza kwenye gurudumu. Goma wameijengea mpaka sanamu ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na ya huyu ilivuka naye mpakani mwaka 2022 vita ilipofika Bunagana, aliacha vingi ila hiyo hakuiacha. Kushuka nayo kutoka mlimani na mzigo ni raha tupu, kupandisha ni watu watatu na matusi juu.

Baiskeli ya kawaida nayo inabeba sana ukijua. Huipandi, unaisukuma, fimbo moja unafunga kwenye usukani iwe mkono wako wa kuongozea, kuni zinalala kwenye keria, na kamba ni mpira wa tyubu umekatwa vipande virefu, unavuta mpaka unalia ndo unafunga, kamba ya katani inalegea njiani kuni zikianza kucheza. Toroli la tairi la upepo kwa mawe haya meusi ya volkano sikushauri, utaziba pancha mpaka uchoke.

Sasa kinachonikera. Kuni zikiwa kwenye magurudumu ni kazi ya mwanaume na inalipwa. Zikiwa kichwani ni za mwanamke na ni bure. Mama mkwe amebeba kichwani maisha yake yote, ngata ya majani ya mgomba na twende, shingo inamuuma mpaka leo, na baiskeli ya mwanawe wa kiume ilikuwa imeegemea ukuta muda wote huo. Nikimuuliza shemeji anacheka tu.

Dada yangu huko Muheza nilimtumia picha akanijibu kwa voisi, "Kaka, sisi huku tunaambiwa nishati safi, we umevuka nchi mbili kwenda kuokota kuni?" Kwanza si nchi mbili, ni moja. Na mkakati anaousema ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, yeye mwenyewe nilimwacha anapikia makumbi ya nazi, aniache.

Tulichokubaliana na yule jamaa, za saiti tunagawana nusu kwa nusu, za shambani anachukua za kwake kwanza maana kushuka ndo kazi yake. Na ile baiskeli nimemwomba shemeji, kagoma, nikainunua. Mke wangu ndo anaisukuma sasa, watu wanageuka kumtazama na yeye anawasalimia, tatizo lililobaki ni keria, inapinda, na fundi ananizungusha kila nikipita ananiambia njoo kesho.