Mawe ya Skuli

Disemba ya 2019 nilikuwa likizoni kijijini kwetu, kisiwani Pate, huko Lamu, na mtandao ulikuwa ukishika mahali pamoja tu: kwenye ngazi za gati, maji yakiwa yamejaa. Maji yakipwa, simu hurudi kuwa tochi. Sijapata mtu wa kunieleza sababu. Basi nilizoea kuteremka baada ya Isha, nikakaa na wavuvi wanaotengeneza nyavu. Hapo ndipo nilipoandika makala ya skuli yetu ya msingi katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuiandikia.

Jina la skuli silitaji, wala la kijiji. Mengi ya kisa hiki ni maneno ya barazani, na maneno ya barazani yana wenyewe.

Nilikuwa nimeona makala za shule za Uingereza na Marekani, nyingine ndogo tu, nikajiambia: na sisi je? Nikaandika aya nne kwa kidole kimoja. Skuli ni maarufu. Ilijengwa mwaka 1965. Ina wanafunzi zaidi ya 300. Imetoa walimu, manahodha na maafisa wa serikali. Nikabonyeza kuhifadhi, nikapanda nyumbani nikiwa na furaha ya mtu aliyepaka nyumba yake chokaa kabla ya Idi.

Usiku wa pili nikakuta kibao juu ya makala: inapendekezwa ifutwe. Mhariri mmoja, kwa adabu kabisa, aliuliza nani mwingine, asiyekuwa wa skuli wala wa kijiji, aliyewahi kuandika habari zake. Akanipa wiki moja.

Nilikasirika. Nikajibu maneno marefu kuhusu ukoloni, kisha nikayafuta kabla hayajatoka. Nashukuru maji yalikuwa yameanza kupwa. Kesho yake nilisoma kanuni yenyewe. Kamusi elezo haiulizi kitu ni kizuri kiasi gani, wala kina faida gani kwa watu wake. Inauliza kama kimeandikwa kwa kina na watu wasiohusika nacho, mahali panapoaminika. Kuwapo tu hakutoshi. Wenzetu wa Wikipedia ya Kiingereza walibishana sana juu ya jambo hili, na mwaka 2017 wakaamua kwamba hata shule ya sekondari isihesabiwe kuwa inastahili makala kwa sababu tu ipo. Shule za msingi zilikuwa zimeshindwa zamani: nyingi hukunjwa zikatiwa ndani ya makala ya mji au kijiji chake. Zile za Uingereza nilizokuwa nikizionea wivu zina ripoti za wakaguzi ambazo yeyote huzisoma kwenye intaneti, na gazeti la mtaa linaloandika hata paa likivuja, na bado nyingi hazipati makala.

Kilichonichekesha ni kwamba kijiji hakiulizwi hivyo. Mahali panapokaliwa na watu, pakitambuliwa kisheria, kwa kawaida panapita. Kijiji chetu kilikuwa na makala yake tayari, sentensi mbili, na chini yake yale maandishi yanayosema makala hii bado ni mbegu. Mbegu, sawa. Lakini kijiji chenyewe, ukiondoa msikiti na skuli, kimebaki na nini cha kuandikwa? Mbuzi?

Nikaanza kutafuta magazeti. Lamu ya mwaka ule haikukosa habari: Juni mahakama ya mazingira ilikuwa imefuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, bandari ya LAPSSET, ule mradi mkubwa wa kuunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, ilikuwa ikijengwa, na Mji Mkongwe wa Lamu, ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, haukosi mwandishi wa kuja kupiga picha punda. Skuli pia nilizipata, nazo ni zile za wadi ya Basuba, upande wa msitu wa Boni, zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi, walimu wakaondoka. Nilisoma habari hizo moja baada ya nyingine pale ngazini mpaka mbu wakanishinda. Kwa kanuni ile, skuli za Basuba zina ushahidi. Yetu, ambayo kengele yake haijakosa kulia, haina. Sikujua nimlaumu nani, na mpaka leo sijajua, kwa maana mwandishi wa gazeti naye hawezi kutoka Mombasa aje kuandika kwamba watoto wameingia darasani saa mbili kasoro.

Asubuhi nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Ni mtu wa bara, aliyekaa kwetu miaka mingi hadi Kiswahili chake kimeingia chumvi.

"Kijana wetu, unataka ushahidi? Huu hapa."

Akafungua kabati. Mchwa walikuwa wametangulia. Daftari la kuandikisha wanafunzi lilibaki nusu, na kurasa za mwanzo, nilizozitaka mimi, zilikuwa unga. Orodha ya wizara ilikuwapo, lakini orodha huthibitisha kwamba skuli ipo, basi. Na hilo hakuna aliyelikana. Daftari la mwaka ule nililisoma mwenyewe: wanafunzi 187. Mimi nilikuwa nimeandika zaidi ya 300. Mwalimu aliniangalia bila kusema neno, na kwa mwalimu mkuu kunyamaza ndiko kuchapa.

Alasiri nikaenda barazani. Niliuliza swali moja tu, skuli ilianza mwaka gani, nikajuta. Ami yangu alisema mwaka wa Uhuru, 1963, kwani anakumbuka bendera. Mzee mmoja fundi wa majahazi akasema upuuzi, skuli ilikuja baada ya watu wa bara ya kaskazini kukimbia vita vya mashifta, vile vya miaka ya sitini, na kuhamia visiwani. Watoto walizidi, chuo cha Kurani kikawa hakiwatoshi, ndipo serikali ikaombwa mwalimu. Wa tatu akauliza mnahesabu nini: madarasa ya mawe, au ule mkungu ambao chini yake walisoma miaka kadhaa kabla ya kuwa na ukuta? Pakachacha. Mtu akatajiwa deni la mashua la babu yake. Ile 1965 yangu, niliyoipata kwa marehemu baba, haikutajwa na yeyote.

Nilipokuwa nikiondoka, bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili mlangoni mwake, mkabala na baraza, akaniita nije, kwa lahaja yetu.

"Ndoo, mwanangu. Hao wanaume wamekwambia nani aliyetukua mawe?"

Nikamwambia hapana.

"Mawe ya skuli tumeyatukua sisi. Kwa vitwa vyetu. Maji yakipwa tukishuka, yakijaa tukirudi. Na mchanga, na maji ya kuchanganyia chokaa. Wao wakikaa papo hapo," akaelekeza kidevu barazani, "wakibishana."

Akanitajia majina ya wanawake kumi na mmoja, tisa wao wamekwisha kufariki. Hakuna hata mmoja aliyekuwa katika aya zangu nne. Hakuna gazeti lililowaandika, wala ripoti. Na kama ningewaandika mimi, ingekuwa ni neno la bibi kupitia kidole changu, jambo ambalo kamusi elezo hailipokei, na baada ya ile 1965 na wale wanafunzi 300 sikuwa na uso wa kusema linaonea.

Usiku ule, maji yakiwa yamejaa, niliteremka gatini. Sikungoja wiki iishe. Nilimwandikia mhariri kwamba afute, kisha nikafungua ile mbegu ya kijiji nikaongeza sentensi moja: kijiji kina shule ya msingi ya serikali. Tegemeo langu lilikuwa ile orodha ya wizara. Neno "maarufu" nililiacha huko lilikokufa.

Boti ya Lamu ilikuwa iondoke alfajiri kutoka Mtangawanda, kabla maji ya Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, hayajawa machache. Nikapitia kwa mwalimu mkuu nikiwa na kaunta buku mpya na kopo la bati la biskuti, nikamwambia vitu viwili hivi vikae pamoja, mchwa wasipite. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimekwisha kuujaza: majina kumi na moja, na chini yake tarehe za kuanza skuli, zote tatu, kila moja na mwenyewe aliyeisema. Mwalimu alisoma polepole, akatoa kalamu, akaongeza ya nne, ile aliyoipokea kwa mwalimu mkuu aliyemtangulia.