Safu tatu hazikutosha: kumbukumbu ya jalada la nota za kwaya

Wiki ya kwanza

Nimeanza kupitia nota zote tunazoimba kwayani, karatasi moja moja, niandike kila wimbo umepitia mikono ya nani. Zipo nyimbo 143 katika masanduku mawili. Nimechora jedwali lenye safu tatu: mtunzi wa muziki, mwandishi wa maneno, mpangaji wa sauti (anayeugawa wimbo uliopo kwa sauti za kwaya).

Kilichonisukuma ni swali la mwanakwaya mpya wa sauti ya pili. Baada ya mazoezi aliniuliza, "Kaka, wimbo huu ni wa nani?" Nikamtajia jina lililochapwa juu, upande wa kulia. Nilipolisoma tena nyumbani nikaona mbele yake kuna "arr." Jina lile ni la mpangaji, na mtunzi hakutajwa popote kwenye karatasi. Nimekuwa nikitoa jibu hilo kwa miaka.

Kwa hiyo kabla ya kujaza chochote nimejifunza kusoma kichwa cha karatasi. Kwa kawaida mwandishi wa maneno huwekwa kushoto, mtunzi kulia, na mpangaji chini ya mtunzi. "Harm." ni aliyeipa melodia iliyokuwepo sauti nyingine za kuisindikiza. "Alt." maana yake kuna mtu amebadilisha maneno, na mara nyingi mtu huyo hatajwi. Nakala za solfa (nota za herufi: d, r, m na nyinginezo) zilizoandikwa kwa mkono ndizo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mnakili alichukua d, r, m na maneno, majina akayaacha.

Wiki ya tatu

Siku nne nzima kwa wimbo mmoja wa Krismasi, Hark! The Herald Angels Sing. Maneno ni ya Charles Wesley, 1739, lakini mstari wa kwanza tunaouimba si wake: George Whitefield aliubadilisha mwaka 1753. Muziki ni wa Felix Mendelssohn, aliouandika mwaka 1840 kwa sherehe za kumkumbuka Gutenberg na uchapaji wake. Mendelssohn mwenyewe aliona melodia ile haifai maneno ya dini. Mwaka 1855, yeye akiwa amefariki miaka minane nyuma, mpiga kinanda William Cummings akayaunganisha maneno na muziki. Na sauti ile ya juu ya ubeti wa mwisho, ambayo soprano wetu huingoja kwa hamu, iliongezwa na David Willcocks katika karne ya 20.

Watu watano, katika zaidi ya miaka 200, na aliyeufanya uwe wimbo mmoja ni Cummings, ambaye hakutunga melodia wala maneno. Nimeongeza safu ya nne: aliyeunganisha au kubadilisha.

Wiki ya nne

Fupi. Karatasi yetu moja inasema Ave Maria ya Giulio Caccini, aliyefariki 1618. Mtunzi halisi ni Vladimir Vavilov, mpiga gitaa na luti (ala ya nyuzi ya kale) wa Urusi ya Kisovieti, aliyeirekodi karibu mwaka 1970 bila kuipa jina lake. Jina la Caccini lilibandikwa baadaye. Dalili ilikuwemo ndani ya wimbo wenyewe: unarudia maneno mawili tu, Ave Maria, mwanzo hadi mwisho, na sala yenyewe haimo. Nimeandika Vavilov kwa wino. Nilihuzunika nikifikiria wote wanaouimba duniani bila kumjua.

Wiki ya sita

Wiki hii ni ya waandishi wa maneno, na hapa sisi wa Kiswahili tuna faida, maana tunayajua mizani. Vitabu vingi vya tenzi huweka tarakimu juu ya wimbo, kama 8.6.8.6. Ni mizani, yaani hesabu ya silabi, ya kila mstari wa ubeti. Maneno yenye 8.6.8.6 huimbika kwa melodia yoyote yenye hesabu hiyo, ndiyo maana maneno na melodia huhamahama. Amazing Grace ni mfano: John Newton aliandika maneno, yakachapwa 1779. Melodia tunayoijua iliwekwa juu yake na William Walker nchini Marekani mwaka 1835, Newton akiwa amefariki tangu 1807.

Ila mizani kutimia hakutoshi. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MUngu, uPEndo. Melodia nyingi za Kiingereza huanza na noti dhaifu kisha yenye nguvu. Mfasiri akiweka neno "Mungu" hapo, tunaimba "muNGU", na hakuna mwalimu wa kwaya anayeweza kuliponya kosa hilo kwa mazoezi. Mfasiri hodari hutanguliza silabi moja, "Ee Mungu", na mkazo unarudi mahali pake. Nimezipitia tafsiri 22 kwa penseli, nikipiga alama kwenye kila mkazo uliovunjika. Tisa ni safi kabisa. Watu waliofanya kazi hiyo wanastahili safu yao, nami nimewapa: mfasiri, safu ya tano.

Kuna pia maneno yaliyozaliwa baada ya muziki. Mtunzi wa Marekani, Eric Whitacre, alitungia muziki shairi la mshairi Robert Frost, kisha wenye haki za shairi wakakataa litumike. Rafiki yake, mshairi Charles Anthony Silvestri, akaandika maneno mapya ya kuingia katika noti zilizokwisha kuandikwa. Ndiyo Sleep, wimbo wa kwaya unaoimbwa leo. Nimejaribu zoezi kama hilo kwa mistari minne tu, na jioni nzima ikaisha.

Wiki ya nane

"Trad.", yaani wimbo wa jadi usio na jina la mtunzi, imeandikwa kwenye nyimbo 17. Sita kati ya hizo ni spirituals, nyimbo za kiroho zilizotungwa na Waafrika waliokuwa utumwani Marekani. Neno moja la herufi nne halitoshi kwa watu hao, kwa hiyo safu ya mtunzi sasa inawataja hivyo kwa ukamilifu. Wapangaji majina yao yapo: Harry Burleigh, William Dawson, Moses Hogan. Jambo la kukumbuka kwa wanaotoa nakala: wimbo wenyewe hauna mwenye haki, lakini upangaji una haki zake. Hogan alifariki 2003, na nchi nyingi hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo cha aliyeifanya.

Nkosi Sikelel' iAfrika, ambayo melodia yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika, ilikuwa imeandikwa kwetu jina moja tu, Enoch Sontonga, 1897. Ni sahihi kwa melodia, ubeti wa kwanza na kiitikio. Beti saba za Kixhosa zilizofuata ni za mshairi S.E.K. Mqhayi, zilizochapwa 1927, na sasa jina lake lipo.

Wiki ya tisa

Nyimbo 61 zimekamilika. Jumamosi nilimletea yule dada wa sauti ya pili jibu lake, nikamwomba radhi kwa lile la kwanza. Akachukua chaki, na kabla hatujaanza mazoezi akaandika ubaoni majina yote matatu ya wimbo wa siku hiyo. Wiki ijayo nafungua sanduku la pili, la nakala za solfa.