Mmea unaokula wadudu haukuombi nyama

Yaani mtu akipata tu nepenthesi, ule mmea wenye mitungi inayonasa wadudu, swali la kwanza ni mmea utakula nini, anaanza kufukuzana na nzi, wengine wanadumbukiza kabisa kipande cha nyama, nyama inaoza na mtungi unaoza nayo. Jamani! Chakula chake unajipikia wenyewe kwenye majani kwa mwanga, kama mimea mingine yote, mdudu ni kitoweo tu.

Unatega wadudu kwa sababu kwao udongo ni maskini, naitrojeni, kirutubisho cha mimea, hakuna ya maana. Kwa hiyo ukiupanda kwenye udongo mzuri wa bustani wenye samadi unaunguza mizizi. Tumia sfagnamu (kuvumwani laini linaloshika maji) na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi), au makumbi ya nazi yaliyooshwa vizuri chumvi ikatoka, na chungu kiwe kinachuruzisha maji, usiulaze kwenye dimbwi. Maji ni ya mvua. Ya bomba mara nyingi yana chumvichumvi, na kuyachemsha hakusaidii kitu, maji yanapungua chumvi inabaki palepale.

Na mitungi isipotoka usidhani una njaa. Mtungi ni sehemu ya jani, ncha inarefuka kama uzi halafu mwisho wake ndo unavimba, sasa hewa ikiwa kavu au mwanga hafifu ile ncha inanyauka tu. Upe mwanga mwingi ila sio jua kali la mchana moja kwa moja.

Kingine watu hawaulizi ni umetoka wapi, mlimani au bondeni. Nepenthes rajah wa mlima Kinabalu kule Borneo anaishi kuanzia kama mita 1,500 kwenda juu, anataka usiku wa baridi, ukimweka kwenye joto usiku kucha anadhoofika pole pole. Na huyo ndo jitu lenyewe, mtungi wake unabeba zaidi ya lita 2, lakini kuna tupaia, kanyama kanakofanana na kindi, kanakuja kulamba utamu kwenye kifuniko kanajisaidia humo humo, na mmea unafyonza naitrojeni. Mla nyama anayetisha, kumbe anaishi pia kwa mavi 😂 Nepenthes ampullaria wa bondeni ndo kabisa, anaokota majani makavu yanayodondoka toka juu.

Ukisafirisha wako na maji ya mtungini yakamwagika, ongezea maji safi kidogo, usijaze. Mtungi ukizeeka ukakauka, kata huo tu, jani liache kama bado kijani.