Siku moja kati ya maumivu kuisha na mguu kupona

Saa 11:00 alfajiri

Hatua ya kwanza kutoka kitandani ndiyo kipimo changu cha kila siku. Nakanyaga sakafu kwa mguu wa kulia, nasikiliza kisigino, kisha najiuliza: kwa ngazi ya 0 mpaka 10, leo maumivu ni mangapi, na yanachukua muda gani kuachia? Leo ni 2, na kabla sijafika bafuni yameachia. Naandika kwenye daftari.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Wengi wanaokuja kwangu ni wakimbiaji wa ridhaa, watu wenye kazi na familia, ambao hakuna anayewalipa kukimbia na bado wanaamka gizani kufanya hivyo. Nawapenda kwa sababu hiyo. Na tangu kano yangu ya Achilles, ile inayounga shavu la mguu na kisigino, ilipoanza kuuma, najidai nidhamu ileile ninayowadai wao.

Saa 11:40

Nakimbia dakika 4, natembea 1, narudia mpaka nusu saa itimie. Kasi ni ile ya kuweza kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi. Kisigino kinanong'ona kwenye dakika za mwanzo, maumivu ya 3 hivi, kisha kinatulia.

Watu hushangaa wakisikia kwamba nakimbia na kano inayouma. Lakini mwaka 2007 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kano hii waliogawanywa makundi mawili. Wote walipewa mazoezi yaleyale ya kuimarisha. Kundi moja likaambiwa liache kukimbia na kuruka kwa wiki 6 za mwanzo, jingine likaruhusiwa kuendelea kwa masharti. Masharti yenyewe ndiyo ninayoyatumia mpaka leo: maumivu yasipite 5 kati ya 10, asubuhi inayofuata yawe yameshuka, na yasizidi kupanda wiki hadi wiki. Walioendelea kukimbia hawakupona vibaya kuliko waliopumzika. Kwa hiyo lile daftari la alfajiri lina kazi: hukumu ya mbio za leo itatoka kesho nitakapotoka kitandani, haitoki sasa hivi ninapojisikia mzima.

Saa 2:30 asubuhi

Wa kwanza kliniki ni dada mmoja mwenye marathoni baada ya wiki tatu. Anaingia akitembea vizuri, na maneno yanamtoka haraka kama aliyeyapanga njiani. "Daktari, ni ugoko tu. Nikishapasha mwili unaacha."

Namwomba anionyeshe panapouma. Mwenye maumivu ya kawaida ya ugoko hupitisha kiganja kwenye sehemu ndefu ya ukingo wa mfupa. Yeye anaweka ncha ya kidole kimoja, mahali pamoja. Nabonyeza papo hapo, anauvuta mguu. Namuuliza kama huuma hata akiwa amelala. Ananyamaza, halafu anasema ndiyo, wiki hii. Simwambii aruke kwa mguu huo, nilichokitafuta nimeshakipata: dalili za ufa mdogo kwenye mfupa.

Mfupa uliozidishiwa mzigo huanza ukarabati kwa kubomoa. Seli za aina moja hula sehemu iliyochoka, kisha seli nyingine huja kujaza. Kubomoa ni kazi ya wiki chache, kujaza ni kazi ya miezi, na katikati hapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa mwanzo. Mazoezi yakiendelea kupanda wakati huo, ufa mdogo hupata nafasi. Ndiyo maana wengi hawaumii siku walipoongeza kilomita. Huumia wiki kadhaa baadaye, wakati mapafu na misuli vimeshazoea na wao wanajiona imara kuliko wakati wowote.

Namuuliza mambo mawili ambayo hakuyatarajia kwa mtu wa viungo: anakula kiasi gani siku za mbio ndefu, na hedhi yake ikoje. Imekatika miezi kadhaa. Alidhani ni dalili kwamba mazoezi yamekolea. Hapana. Mwili usiopata nishati ya kutosha hupunguza kazi zisizoonekana kwanza, homoni hushuka, na mfupa hukosa mlinzi wake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko rasmi kuhusu hali hii mwaka 2014, ikieleza kwamba wanaume nao huipata. Natamani kila kocha wa wakimbiaji wa ridhaa angeuliza swali hili bila aibu.

Naandika rufaa kwa daktari afanyiwe MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi hutoka safi hata ufa ukiwepo, na picha safi ni kitu cha hatari mikononi mwa mtu aliyekwisha kuchukua namba ya kifuani.

"Na marathoni?"

"Hii hapana, dada."

Analia, na mimi nakaa kimya. Sipendi tabia ya kukimbilia kumwambia mtu kwamba mashindano mengine yatakuja. Amejenga kilomita 42.195 hizo kwa miezi, alfajiri baada ya alfajiri, na kinachoondoka leo ni kitu halisi. Akishafuta uso ndipo tunaongea kuhusu kinachowezekana: magongo kama kutembea kunauma, kisha, daktari akiridhia, kukimbia ndani ya maji marefu akiwa na mkanda wa kuelea, ambako moyo unafanya kazi bila mguu kugonga chini, na mazoezi ya nguvu ya mwili wa juu na nyonga. Nampa ratiba ya wiki nzima iliyojaa. Mkimbiaji aliyeambiwa "pumzika" na kuachwa hapo hurudi barabarani siku ya tisa.

Saa 4:00

Goti. Maumivu ya mbele, kuzunguka kilegesambwa, yanayokuja akishuka ngazi au mteremko. Namweka kwenye mashine ya kukimbilia na kuhesabu hatua zake kwa dakika. Anapiga hatua ndefu, mguu unatua mbele sana ya mwili. Naweka mlio wa kuongoza hatua, juu kwa asilimia 5 ya mwendo wake wa kawaida, kasi ileile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walionyesha mwaka 2011 kwamba ongezeko dogo la namna hiyo hupunguza mzigo unaobebwa na goti. Baada ya dakika chache anasema, "Limepungua." Simwambii alenge hatua 180 kwa dakika kama wengi wanavyohubiri, urefu wa miguu na kasi hutofautiana, na namba moja haiwatoshi watu wote.

Saa 5:15

Kisigino kinachouma chini, hasa hatua za kwanza za asubuhi. Anakunja taulo, analiweka chini ya vidole vya mguu ili vikunjike juu, kisha anapanda na kushuka polepole kwa mguu mmoja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Namwambia mapema kwamba tunazungumzia miezi. Anaondoka bila furaha, lakini anajua.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Nafunga mlango, navaa mkoba wenye vyuma mgongoni na kusimama ukingoni mwa kidato. Kupanda sekunde 3, kushuka sekunde 3.

Zoezi la kushusha kisigino lilipata jina kupitia Håkan Alfredson wa Sweden, aliyechapisha mwaka 1998 matokeo ya wanamichezo 15 wa ridhaa wenye kano sugu: seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka na kisha likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku, kwa wiki 12. Ni mara 180 kwa siku. Wote 15 walirudi kukimbia. Njia ninayoifuata mimi ina uzito mkubwa zaidi na ni mara tatu tu kwa wiki. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliilinganisha na ile ya Alfredson, na nafuu ilipatikana kwa zote mbili. Kwa hiyo huwapa watu ile ambayo naamini wataifanya mpaka mwisho. Aliye na watoto wadogo na kazi ya zamu hawezi mara 180 kwa siku, na kumpangia hivyo ni kumwandalia kushindwa.

Saa 9:00 alasiri

Huyu ndiye mgonjwa ambaye siku yangu yote inamhusu. Mzee wa miaka hamsini na kitu, kano ya Achilles kama yangu, na wiki mbili sasa hana maumivu hata kidogo. Amekuja kuaga.

"Kijana, umenitibu. Jumapili narudi kwenye kilomita zangu 18."

"Mzee, kabla hujaniaga, nifanyie kitu kimoja."

Namwambia asimame kwa mguu mmoja, ncha za vidole vya mikono ukutani, apande na kushuka mpaka achoke. Mguu mzima: 26. Mguu uliokuwa unauma: 13, na mara mbili za mwisho kisigino hakifiki juu. Naandika namba hizo ubaoni, moja chini ya nyingine. Anazitazama kwa muda.

Maumivu huisha mapema. Nguvu hurudi baadaye, na kano yenyewe hujijenga taratibu zaidi, kwa sababu haipitishi damu nyingi kama msuli. Kipindi hicho cha katikati hakina dalili yoyote ya kumtahadharisha mtu, na ndimo nimeona wakimbiaji wengi wakiumia tena. Wakati wa kukimbia, kano hii hubeba, kwa makadirio ya kawaida, mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili kwa kila hatua. Kilomita 18 ni hatua nyingi mno kwa shavu la mguu linaloishia 13.

Tunapatana: Jumapili kilomita 5 za polepole, uzito unaendelea mara tatu kwa wiki, na tutapima tena mguu huo kila baada ya wiki mbili mpaka namba zikaribiane. Hafurahii. Ananipa mkono hata hivyo, na anaweka miadi.

Saa 11:30 jioni

Kikundi cha wakimbiaji. Naongoza kundi la nyuma kabisa, na nililiomba mwenyewe. Kuna mama aliyepona nyonga miezi mingi iliyopita, lakini kila anapofika kwenye mteremko hupunguza mwendo na kushika kiuno. Haumwi; anaogopa. Woga huu hauondoki kwa kuambiwa usiogope. Tunashuka mteremko mfupi pamoja tukitembea, halafu tunakimbia polepole, halafu yeye mwenyewe anauomba tena.

Mwanakikundi mwenye enka iliyoteguka yupo pia, amesimama na saa mkononi, anasoma muda wa kila mzunguko. Hiyo ni sheria yetu: mwenye jeraha hachukui likizo ya kuwa na wenzake. Hamu ya kukimbia ni kitu kinachopanda na kushuka, sijaona mtu aliyeishika muda wote, ila mtu anayesubiriwa na wenzake saa 11:30 huja hata siku ambayo hamu haipo.

Wakati wa kunyoosha viungo swali la kila wiki linaulizwa: kweli usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki? Nawaeleza utafiti wa Groningen, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2008. Wanaoanza kukimbia zaidi ya 500 waligawanywa, wengine wakipanda taratibu kwa kanuni hiyo kwa wiki 13, wengine wakipanda haraka kwa wiki 8. Takribani mmoja kati ya watano aliumia katika kila kundi. Jumla ya wiki, basi, haielezi kila kitu. Utafiti mkubwa wa mwaka 2025, wa wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulielekeza kidole kwingine: kwenye mbio moja inayozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote ulizokimbia ndani ya siku 30 zilizopita. Kwa hiyo msiangalie wiki peke yake, nawaambia, angalieni mbio yenu ndefu ya Jumapili. Kijana mmoja anafungua simu yake na kuanza kurudisha mbio zake za mwezi uliopita, kimya.

Saa 3:00 usiku

Ujumbe kutoka kwa dada wa asubuhi. MRI ni keshokutwa. Anauliza kama aendelee kumeza dawa za maumivu ili aweze kutembea bila magongo. Najibu: hapana, tumia magongo, kwa sasa maumivu ndiyo yanayotuonyesha kiasi gani mguu unaweza kubeba, na kuhusu dawa yoyote muulize daktari utakapomwona. Ule vizuri usiku huu. Usijipime kwa kurukaruka kuona kama umepona.

Anauliza tena: ikithibitika, nitakimbia lini?

Namwandikia kwa jinsi ninavyoweza kusema kwa uaminifu. Kama ni ufa wa kawaida wa ugoko upande wa ndani, wengi huanza kukimbia kidogokidogo baada ya wiki 6 hadi 8. Ukiwa mbele ya mfupa ni safari ndefu zaidi. Kwanza utembee siku kadhaa bila maumivu yoyote na mfupa usiume ukibonyezwa. Kisha dakika 1 kukimbia na 1 kutembea, mara 10, siku moja ndiyo na moja hapana. Kwenye mfupa hatutumii ile ruhusa ya 5 kati ya 10. Hapo ni 0. Ukiuma, tunasimama na kurudi hatua moja nyuma. Na suala la hedhi na chakula tulishughulikie sasa hivi, tusisubiri mguu upone.

"Sawa," anajibu. Baada ya dakika moja: "Mkanda wa kuelea nitapata wapi?"

Namtumia maelekezo.