Nilivyoacha kumuuliza shangazi kama amekula

Shangazi yangu yuko kisiwani Ukerewe, ndani ndani kutoka Nansio, mi niko Mwanza nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Mumewe alifariki mwaka juzi, watoto wametawanyika, na kuja mjini hataki kabisa maana tangu kivuko cha MV Nyerere kilipozama 2018 hata honi ya meli hapendi kuisikia. Ikabaki simu.

Na simu nilikuwa napiga jamani, msinione mbaya. Shikamoo shangazi, marahaba mama, umekula? nimekula, dawa umemeza? nimemeza, haya usiku mwema. Dakika moja na nusu, yaani kama nesi anapita wodini. Sasa jirani yake akaja kunitonya kwamba nikishakata, shangazi anabaki ameishika ile simu yake ya kitochi mkononi mpaka mwanga wa kioo unazima, hasogei. Iliniuma.

Cha kwanza nilikigundua kwa bahati tu. Siku moja kaka yangu alichukua simu wakaongea nusu saa nzima wanacheka, mi wivu umenijaa, kumbe masikio yakizeeka yanaanza kupoteza sauti nyembamba na yangu ni filimbi, nikiwa na haraka ndo kabisa! Zile "eeh, eeh" alizokuwa ananijibu nyingi hakuwa amesikia kitu. Siku hizi nashusha sauti, naongea taratibu, sipayuki, na sipigi nikiwa sokoni kwenye makelele ya makuli.

Afu nikasoma kuhusu Texas kule Marekani, 2020 wakati wa korona, vijana 16 wa miaka 17 mpaka 23, sio madaktari wala nini, wamefundishwa kidogo tu kusikiliza, wakawa wanawapigia watu, wengi wao wazee. Siku tano za mwanzo kila siku, baada ya hapo mtu anachagua mwenyewe apigiwe mara ngapi. Walihusisha watu 240, nusu wakapigiwa nusu hawakupigiwa, na baada ya wiki nne waliopigiwa upweke ulikuwa umepungua kuliko wenzao. Nikasema basi na mi najaribu. Siku ya sita nikamuuliza, akanijibu kila siku inamchosha, ye anataka Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, akishafungia kuku. Sawa bosi.

Ila kilichomfungua kinywa hasa ni hasara yangu. Mvua ilininyeshea gunia mbili za dagaa zikaanza kunuka, nikampigia karibu nalia, shangazi nifanyeje? Weee. "Nani kakutuma ununue dagaa wa mchangani? Dagaa anaanikwa juu ya jiwe, au wavu!" Alinisema, akanielekeza, akaingia hadithi za ujana wake na wenzake kule ziwani, dakika arobaini, bando likaisha katikati. Kesho yake mchana nashangaa simu inaita, ni yeye, kwa salio lake mwenyewe: wamekauka? Toka mume wake afariki hajawahi kunipigia. Tangu hapo sipigi kumkagua, napiga kumuuliza vitu, na vingi kweli sivijui.

Sio kwamba kila siku ni vicheko. Kuna Jumatano anaitikia salamu tu ananyamaza, nilikuwa nahangaika kujaza maneno, sasa namuacha, tunakaa hivo hivo nasikia vyura wa huko kwake. Kuna kipindi alikosa hamu ya kula wiki nzima, hapo sikutegemea simu, nilimuomba mhudumu wa afya wa kijiji apite akamuone. Na chaji ilitusumbua mpaka nilipomtumia sola ndogo, maana alikuwa anaacha simu dukani kutwa inachajiwa.

Mbalamwezi ikikaribia dagaa hawavuliwi, biashara inalala, ndo navuka kwenda kumuona. Ya mwezi huu tiketi nimeshakata. Kaniagiza betri mpya ya kitochi, na kisado cha wale dagaa niliowaharibu, anataka awaone kwa macho yake.