Madereva Wawili, Timu Moja: Nilichokiona Katika Gereji za Uingereza

Kila timu ya mbio za langalanga huingiza magari mawili, na madereva wa magari hayo hutakiwa kutimiza kwa wakati mmoja mambo mawili yasiyopatana. Ubingwa wa timu, ulioanza kutolewa mwaka 1958 na ambao leo huamua sehemu kubwa ya mgawo wa fedha za zawadi, huhesabiwa kwa kujumlisha pointi za wote wawili, kwa hiyo mwajiri wao anataka wasaidiane. Ubingwa wa madereva, uliokuwapo tangu 1950, ni wa mtu mmoja, na ndio kila kijana aliyeshika usukani anaouota tangu utotoni. Zaidi ya hayo, dereva akishindwa na mtu wa timu nyingine ana pa kujitetea, kwa kuwa injini ya mpinzani huyo huenda ina nguvu zaidi au matairi yake yanatunzwa vizuri na gari lake. Akishindwa na mwenzake mwenye gari kama lake, hana kisingizio, na wanaotafuta dereva wa mwaka ujao wanalisoma jambo hilo kabla ya kusoma lingine lolote.

Nilijifunza ufundi katika gereji ya matatu huko Gilgil, na sasa naishi Northamptonshire, si mbali na uwanja wa Silverstone, katika sehemu ya Uingereza ambako timu kubwa zimekaribiana sana: Mercedes wako Brackley, Red Bull wako Milton Keynes, na Aston Martin wamejenga kiwanda chao karibu na lango la Silverstone lenyewe. Mimi siko katika timu yoyote kati ya hizo. Niko katika timu ndogo ya madaraja ya vijana, yenye madereva wawili ambao bado hawajatimiza miaka ishirini. Ndugu wa nyumbani wakipiga simu huuliza habari za mwendo kasi na ajali, nami hujibu kadiri niwezavyo. Lakini jambo linalonikosesha usingizi katika kazi hii ni namna ya kuwaweka vijana wawili wanaotaka kitu kimoja chini ya paa moja bila timu kupasuka.

Imani yangu ni kwamba upinzani wenyewe hauipasui timu. Timu hupasuliwa na ahadi ambayo kila upande uliielewa kwa namna yake, kisha ikakuzwa na watu wa pembeni ambao hawapandi gari.

Mfano mchungu kuliko yote ni wa Imola, Italia, tarehe 25 Aprili 1982. Magari mawili ya Ferrari yalikuwa yameshika nafasi ya kwanza na ya pili, moja likiendeshwa na Gilles Villeneuve wa Kanada na jingine na Didier Pironi wa Ufaransa. Timu iliwaonyesha ubao uliowaambia wapunguze mwendo. Villeneuve aliuelewa kuwa kila mtu abaki alipo hadi mwisho. Pironi aliuelewa kuwa ni onyo la kutunza magari na mafuta, na katika mzunguko wa mwisho akampita mwenzake na kushinda. Villeneuve alisema hatazungumza naye tena. Siku 13 baadaye, huko Zolder, Ubelgiji, wakati wa kufuzu, yaani kutafuta muda bora wa kupangia nafasi za kuanzia mbio, huku Pironi akiwa na muda bora kuliko wake, Villeneuve aligonga gari lililokuwa likienda polepole, akafa. Sisemi kwamba ubao ule ndio uliomuua, kwa maana ajali ina sababu nyingi. Nasema kwamba watu wazima wa timu waliosimama kwenye ukuta wa kando ya njia siku ile ya Imola walikuwa na wajibu wa kuwaambia madereva wao maana ya ubao huo kabla magari hayajawashwa, na hawakuutimiza.

Miaka 7 baadaye, katika uwanja uo huo wa Imola, walikuwapo Ayrton Senna na Alain Prost wa McLaren, timu ambayo mwaka 1988 ilishinda mbio 15 kati ya 16. Hawa walikuwa na makubaliano: atakayetangulia kufika kwenye kona ya kwanza asipitwe hapo. Mbio zilianza, zikasimamishwa kwa sababu ya ajali ya Gerhard Berger, dereva wa Ferrari, zikaanzishwa upya. Katika mwanzo huo wa pili Prost alitangulia, na Senna akampita kwenye kona. Prost aliona ahadi imevunjwa. Senna alikuwa na tafsiri yake. Kufikia Oktoba waligongana huko Suzuka, Japani, Prost akatwaa ubingwa na kuhamia Ferrari, na timu iliyokuwa na madereva wawili bora duniani ikabaki na mmoja. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo na hayakusema lolote kuhusu mbio zinazoanza mara mbili. Anayeiona hiyo kuwa hoja ya wanasheria hajawahi kukaa kwenye gari lenye makanika watatu upande huu na watatu upande ule wakirudi nyumbani kimya usiku kwa saa nne.

Nije kwa mafundi, kwa sababu hapo ndipo ninapopajua vizuri. Mgeni anayeingia gereji ya huku hupewa upande kabla watu hawajalizoea jina lake. Shati ni moja na nembo ni moja, lakini siku ya kwanza anaambiwa kuwa yeye ni wa gari fulani, na watu watatu au wanne wa gari hilo ndio watakaomfundisha mahali pa kuweka kila spana, watakaomgawia chai, watakaompeleka nyumbani treni zikisimama. Kwa mtu aliye mbali na kwao, upande huo huwa jamaa zake. Si ajabu basi kwamba anaanza kufurahi gari la pili linapoharibika, ingawa mshahara wake unatoka katika mfuko ule ule.

Katika timu yetu jambo hilo lilianza kwa vitu vidogo sana. Kila nati ya gurudumu ikishakazwa kwa spana ya kipimo hupigwa alama ya rangi, ili mtu wa pili akipita aone kuwa imekazwa. Kwa muda mrefu fundi wa upande mmoja alikuwa akikagua alama za upande wa pili, na kinyume chake, kwa kuwa jicho lisilochoka huona zaidi. Ukaguzi huo ukakoma bila mtu yeyote kutangaza. Kisha karatasi za hewa ya matairi, ambazo zilikuwa zikiachwa juu ya meza, zikaanza kukunjwa na kutiwa mfukoni. Madereva wenyewe wakati huo walikuwa bado wakila pamoja na kucheza michezo ya kompyuta katika gari la timu. Ugomvi uliwafikia wao mwisho, kutoka kwetu, na hilo ndilo ningependa wasimamizi wa timu walijue.

Meneja wetu alilitibu kwa kubadilisha watu. Asubuhi moja ya Ijumaa, kabla ya mazoezi ya kwanza, aliwahamisha mafundi wawili kutoka kila upande na kuwapeleka upande wa pili, na akaamuru karatasi za marekebisho ya magari yote mawili zitundikwe kila jioni kwenye ubao mmoja ambao mtu yeyote wa timu angeweza kuusoma. Watu walinuna. Hata hivyo, ni vigumu kuliombea mabaya gari ambalo wewe mwenyewe ulilikaza nati wiki iliyopita, na baada ya muda ukaguzi wa alama ukarudi. Mercedes nao walihamisha baadhi ya mafundi kati ya upande wa Lewis Hamilton na upande wa Nico Rosberg kwa ajili ya msimu wa 2016, na Hamilton hakulificha kwamba hakulipenda. Sidhani kama walikosea. Walichelewa tu. Wale wawili walijuana tangu utotoni, wakawa timu moja katika mbio za vigari vidogo vya karting mwaka 2000, lakini kufikia 2016 walikuwa wameshagongana katika uwanja wa Spa, Ubelgiji, mwaka 2014, ambapo tairi la nyuma la Hamilton lilipasuka, na mwaka huo wa 2016 waligongana tena Barcelona katika mzunguko wa kwanza, wakatoka wote wawili, na kijana wa miaka 18, Max Verstappen, akashinda katika mbio zake za kwanza na Red Bull. Rosberg alitwaa ubingwa mwaka huo kwa tofauti ya pointi 5, kisha akastaafu siku 5 baada ya mbio za mwisho. Watu husahau jambo moja kuhusu timu hiyo: iliwaacha washindane, na Bahrain 2014, walipopigana gurudumu kwa gurudumu, agizo lililotoka redioni lilikuwa tu kwamba magari yote mawili yafike salama. Zile zilikuwa mbio bora kuliko nyingi nilizozitazama.

Kuna njia nyingine, ya kuamua mapema nani ni wa kwanza na nani ni wa kumpisha. Ferrari waliifuata, na Austria 2002 Rubens Barrichello alipunguza mwendo karibu na mstari wa mwisho ili Michael Schumacher ashinde, huku majukwaa yakizomea. Maagizo ya namna hiyo yalipigwa marufuku msimu uliofuata, yakaruhusiwa tena kuanzia 2011 kwa kuwa hakuna aliyeweza kuyazuia. Sina mengi ya kusema juu yake. Njia hiyo huleta pointi, na humgeuza binadamu mmoja kuwa kifaa cha mwenzake.

Njia ya usawa nayo ina gharama, na timu inayoichagua lazima iikubali gharama hiyo mapema. McLaren ya 2007 ilikuwa na Fernando Alonso na Hamilton, ikawaacha sawa, wakanyang'anyana zamu ya mzunguko katika kufuzu huko Hungaria hadi Alonso akasimama mbele ya gari la mwenzake katika eneo la kubadilishia matairi. Mwisho wa msimu wote wawili walikuwa na pointi 109, na Kimi Räikkönen wa Ferrari akawa bingwa kwa 110. Timu hiyo hiyo, mwaka 2025, ikiwa na Lando Norris na Oscar Piastri, ilifuata tena njia ya usawa, na safari hii Norris akawa bingwa, pointi 2 tu mbele ya Verstappen. Kati ya miaka hiyo miwili bahati ilikuwa na sehemu yake, lakini naona pia kujifunza. Norris alipomgonga Piastri kwa nyuma huko Montreal, alikiri kosa lake hapo hapo. Pale Monza, ubadilishaji wa tairi la Norris ulipochelewa na Piastri akajikuta mbele, timu ilimwomba airudishe nafasi. Alikumbusha redioni kwamba kuchelewa kwa namna hiyo walikubaliana kuwa ni sehemu ya mbio, kisha akaipisha. Nadhani Piastri alikuwa na haki katika hoja yake. Sheria iliyoongezwa katikati ya mbio, hata kwa nia njema, humfundisha dereva kwamba karatasi waliyokubaliana asubuhi inaweza kuandikwa upya alasiri.

Mjomba wangu, ambaye hakosi Safari Rally inapofika Naivasha, huniuliza kwa nini Waingereza hawaigi Toyota, ambao mwaka 2022 na 2023 walichukua nafasi nne za kwanza bila ugomvi. Humjibu kwamba katika rali kila gari huondoka peke yake na hushindana na saa, kwa hiyo Sébastien Ogier aliweza kumshinda mwenzake Kalle Rovanperä kwa sekunde 6.7 mwaka 2023 bila bodi zao kugusana. Wakuu wa Toyota walikuwa na hofu ya mawe na vumbi la Naivasha. Wetu wana hofu hiyo ya magari kuharibika na juu yake hofu ya kona ya kwanza.

Katika madaraja ya vijana kuna kundi la tatu ambalo timu kubwa hazina, nalo ni wazazi. Kiti hulipiwa, mara nyingi na familia au mfadhili, na baba aliyelipa hawezi kuambiwa kwa urahisi kwamba mwanawe apishe. Kwa hiyo karatasi yetu ya makubaliano husainiwa na vijana, na wazazi, na sasa hata na sisi mafundi. Inasema kifaa kipya kikiwa kimoja kitakwenda kwa nani. Inasema pia nani atatangulia kutoka wakati wa kufuzu, jambo lenye uzito kuliko linavyosikika, kwa sababu gari linalofuata nyuma huvutwa na upepo wa lililo mbele kwenye sehemu zilizonyooka na kupata muda bora. Wanapokezana, na kufuzu kukifutwa kwa mvua zamu haipotei. Kipengele hicho cha mvua waliomba vijana wenyewe.

Bado haijasema la kufanya zikibaki mbio mbili na mmoja tu akiwa na nafasi ya ubingwa. Nimemwambia meneja kwamba naona kipimo kiwe hesabu peke yake: mtu asiombwe kupisha hadi siku pointi zilizobaki haziwezi tena kumfikisha, na siku hiyo iandikwe sasa, wakati wote wawili bado wana sifuri. Baba mmoja amekubali. Yule wa pili anataka kwanza kujua nani ataifanya hiyo hesabu, na meneja amemwalika aje gerejini waifanye pamoja.