Likoni hatukukataa kafyu, tulikataa rungu

Kila nikisikia mtu akisema watu wa Pwani tulikuwa wakaidi wakati wa korona, roho huniuma. Mimi ni wa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, niliyaona. Mama anayetuuzia mahamri na mbaazi aliweka ndoo ya maji na sabuni mbele ya kibanda chake kabla ya chifu kupita. Misikiti ilipofungwa wazee walihuzunika sana, lakini waliswali majumbani. Hakuna aliyesubiri kupigwa ndipo atii.

Halafu ikaja ile Ijumaa ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu. Saa moja jioni kila mtu awe ndani. Sasa mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani arudi vipi? Wakati huo hakuwa na njia ila feri, na feri siku hiyo zilikuwa zikipakia watu wachache ili tusibanane. Foleni ikajaa. Kafyu haijaanza, jua bado lipo, polisi wakaanza kutandika watu na kurusha vitoa machozi. Watu walilazwa chini, wakarundikana. Tuliambiwa ugonjwa huu huenezwa kwa kukohoa na kujigusa macho. Moshi ule ulitufanya tufanye yote mawili, tena tukiwa tumekumbatiana kwa woga.

Siku tatu baadaye, kule Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukatili wa polisi. Mwezi Aprili Jaji Weldon Korir akaamua kwamba kafyu ni halali, ila nguvu iliyotumika kuitekeleza ilivunja Katiba.

Uamuzi ule ndio hasa msimamo wa mtaani kwetu. Kafyu, sawa. Rungu, hapana. Kosa lilianzia kwenye mzizi: amri ilitolewa na Waziri wa Usalama wa Ndani kwa sheria ya kulinda utulivu wa umma, ile inayotumika kutawanya maandamano. Ukishampa askari ugonjwa aukabili kama ghasia, atamwona mgonjwa kama mhalifu. Na sisi Pwani tumezoea kutazamwa kwa jicho la usalama hata pasipo ugonjwa.

Hasara yake ilionekana chanjo zilipofika Machi 2021. Mjomba wangu ana kisukari, alistahili kuwa wa mwanzo. Nilipombembeleza aliniuliza, "Waliotupiga pale feri ndio leo wananitakia afya?" Nilimweleza kwamba wauguzi si polisi. Kwake yeye wote ni serikali, na serikali alikutana nayo pale kivukoni.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Ugonjwa mwingine ukija, nataka pale feri nimkute kwanza mhudumu wa afya wa mtaa wetu, anayetujua kwa majina, na saa za kafyu zipangwe na mtu aliyewahi kupanga foleni ya kuvuka. Askari wawepo, lakini wakae nyuma yake.